Naenda Paris na gari nyumba, mama yumo: nilale wapi, nipaki wapi?

Mwana_Chumbageni (mwanzisha uzi), Jumapili saa 2 usiku

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi.

Niko Hamburg mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa nane mama anakuja kututembelea kutoka Tanga, na nimeahidi kumpeleka Paris. Bi mkubwa ni msikilizaji sugu wa RFI Kiswahili, redio ya Wafaransa, na anataka aone "huko inakotoka". Nimemweleza kwamba idhaa ya Kiswahili inatangazia Nairobi, akaniuliza kama Nairobi kuna mnara wa Eiffel. Nikanyamaza.

Tutakuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama. Tumeshakodi gari nyumba, zile ambazo huku wanaziita Wohnmobil. Urefu mita 6.9, kimo mita 3.1, uzito mwisho tani 3.5, mikanda mitano. Ndani kuna jiko, choo na vitanda. Sasa maswali yangu:

Je, naweza kupaki usiku karibu na mnara, tukalala humo humo, asubuhi tukaamka tunautazama? Nimeona picha za watu mtandaoni wamefanya hivyo. Kama haiwezekani, kuna kambi gani ambazo mtu anatoka kwa miguu mpaka kituo cha treni? Mama magoti yanamsumbua, hawezi kutembea kilomita mbili. Na kuna stika gani za kubandika kabla sijavuka mpaka?

Nawasilisha.

Tulia_Kidogo, Jumapili saa 2 usiku

Naweka kambi hapa. Na mimi nina safari kama hiyo.

Boda_wa_Zamani, Jumapili saa 3 usiku

Mkuu, kwa nini ujitese? Chukua hoteli ya kawaida, panda treni ya kasi, saa chache uko Paris. Gari la kukodi, mafuta, tozo za barabara, bado ulipe kambi. Hesabu yako imekaa vizuri kweli?

Mwana_Chumbageni, Jumapili saa 3 usiku

Boda, hesabu nimepiga. Watu watano ni vyumba viwili vya hoteli. Ila si hela peke yake. Mama hali chakula cha hotelini, anaamka saa kumi alfajiri kuswali, anataka choo kiwe hatua tatu kutoka kitandani na chai ichemke papo hapo. Nionyeshe hoteli ya hivyo Paris, naghairi kesho.

Dereva_wa_Masafa, Jumapili saa 5 usiku

Mwana Chumbageni, nimeendesha malori njia ya Ubelgiji na Ufaransa miaka kumi na moja, na likizo nasafiri na kempa yangu mwenyewe. Nikujibu kwa mpangilio wangu, usinikate.

Kulala chini ya mnara sahau. Wafaransa wanatenganisha kupaki na kupiga kambi. Kisheria gari nyumba la hadi tani 3.5 ni gari kama magari mengine: linaruhusiwa kupaki pale gari dogo linaporuhusiwa, isipokuwa manispaa imeweka kibao cha kukataza. Ukiwa ndani umelala, mapazia yamefungwa, magurudumu yako chini, wewe umepaki. Ukitoa kiti, meza, turubai au ukiteremsha vile viegemeo vya kusawazisha gari, hapo umepiga kambi, na hiyo ni habari nyingine. Vijijini sheria hii inakubeba vizuri sana. Nimelala pembeni ya makanisa na makaburi, wala hakuna aliyeniuliza kitu.

Lakini Paris yenyewe imefunga mlango kwa bei. Mgeni hapaki barabarani zaidi ya saa 6 mfululizo. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 gari la abiria la mafuta lenye uzito wa kuanzia tani 1.6 linalipa bei ya adhabu: euro 18 kwa saa katika mitaa ya kati, euro 12 kwenye mitaa ya pembeni. Na bei inazidi kupanda kadiri unavyokaa: saa 6 za katikati ni euro 225. Walilenga yale magari makubwa ya matajiri, lakini mizani haimjui tajiri. Gari lako tupu lina karibu mara mbili ya uzito huo.

Zile picha ulizoona nyingi ni za zamani, au mtu alisimama dakika tano akapiga picha akaondoka.

Maegesho ya chini ya ardhi ndiyo usifikirie kabisa. Mengi yana kimo kisichozidi mita 2. Wewe una 3.1.

Nesi_wa_Zamu, Jumatatu saa 1 asubuhi

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, niko Birmingham, na tumeenda Paris na kempa mara tatu tukiwa na watoto. Niseme nilipolala, nyingine nilizozikagua tu.

Iliyo karibu kabisa na jiji ni kambi ya Bois de Boulogne, inaitwa Camping de Paris. Iko kando ya mto Seine, upande wa magharibi, na ni ndani ya mipaka ya jiji kabisa. Basi namba 244 linapita karibu likielekea Porte Maillot. Au unavuka daraja la Suresnes kwa miguu, unapanda tramu T2 mpaka La Défense. Ubaya wake ni kwamba kila mtu anaijua. Agosti bila kuweka nafasi mapema utapigwa na butwaa, na bei inapanda kadiri siku zinavyokaribia.

Ya pili ni Maisons-Laffitte, kambi iko kisiwani katikati ya Seine. Unatembea kama dakika kumi na kitu hadi stesheni, unapanda RER A, treni ya jiji na vitongoji, na dakika ishirini hivi baadaye uko Étoile, kwenye lile lango la Napoléon. Hii ndiyo niliyoipenda.

Ya tatu ni Huttopia ya Versailles, ndani ya msitu, karibu na stesheni ya Porchefontaine ya RER C. Hiyo treni inakupeleka hadi miguuni mwa mnara bila kubadilisha. Kwa mama yako ingefaa kweli.

Halafu upande wa mashariki kuna ya Champigny, kando ya mto Marne. Na kama watoto wanalilia Disneyland, wenyewe wana eneo la kupaki la magari nyumba, unaruhusiwa kulala, na RER A inaanzia mlangoni. Ni lami tupu, usitegemee mti wala ndege.

Dereva_wa_Masafa, Jumatatu saa 2 asubuhi

Dada Nesi umenena, ila kuhusu Versailles nakazia jambo moja. RER C hufungwa katikati ya jiji kila kiangazi kwa ajili ya ukarabati wa reli, kuanzia katikati ya Julai mpaka Agosti inapoishia. Wanafanya hivyo tangu miaka ya tisini. Yeye anakwenda Agosti. Atashushwa njiani atafute usafiri mwingine, na magoti yale.

Nesi_wa_Zamu, Jumatatu saa 2 asubuhi

Kweli kabisa. Sisi tulienda Mei, ndiyo sababu sikuliona hilo. Basi toa Versailles.

Bahari_ya_Kivu, Jumatatu saa 6 mchana

Jambo sana ndugu zangu. Miye ni mutu wa Bukavu, niko mukaaji wa Champigny miaka kumi na mbili sasa. Ile kambi ya Marne iko karibu na kwetu. Hapa munachukua bisi mpaka Joinville-le-Pont, kisha RER A inawapeleka Nation, Gare de Lyon, Châtelet, bila kubadilisha.

Niwaambie kitu wageni hawajuaka. Zamani ukikaa mbali na Paris ulilipa zaidi, ile mambo ya zone. Tangu Januari 2025 iliisha. Tiketi ya metro na RER ni bei moja mukoa muzima, ilianza euro 2.50. Ukitoka Maisons-Laffitte ama ukitoka Bastille katikati ya muji, ni bei ileile. Basi na tramu iko na tiketi yake, ilianza euro 2. Lakini angalia: hizo tiketi mbili haziunganike. Ukitoka hapa kwetu unalipa bisi, unalipa tena RER. Kwenda na kurudi, kwa bei ya 2025, ilikuwa euro 9 mutu mumoja, na bado haujatembea ndani ya muji. Pasi ya siku ilikuwa euro 12 mwaka huo wa 2025, inafunguka kila kitu isipokuwa uwanja wa ndege. Kwa anayelala Champigny ni afazali achukue pasi. Kwa anayelala Maisons-Laffitte anayetembea kwa miguu mpaka treni, apige hesabu: pasi inamufaa kuanzia safari ya tano.

Na kama mama anatamani muhogo ama ndizi za kupika, mupeleke Château Rouge, sokoni Dejean. Atajisikia nyumbani, watu wanasukumana kabisa.

Mwana_Chumbageni, Jumatatu saa 12 jioni

Kaka wa Kivu, asante sana, hilo la tiketi sikulijua kabisa. Nilikuwa nang'ang'ania kukaa karibu na jiji nikidhani naokoa nauli.

Na stika?

Dereva_wa_Masafa, Jumatatu saa 2 usiku

Stika inaitwa Crit'Air. Ile ya kijani ya Kijerumani uliyo nayo kwenye kioo, Ufaransa haina kazi. Paris na vitongoji vyake vilivyo ndani ya A86, barabara inayozunguka jiji, viliwekwa kuwa eneo la hewa safi, na magari ya kigeni hayakusamehewa. Dizeli ya daraja la moshi Euro 5 au 6 inapata namba 2, inapita. Januari 2025 waliozuiwa siku za kazi mchana walikuwa kuanzia namba 3, yaani dizeli za kabla ya 2011. Siasa zake walivutana hadi bungeni, wapo waliotaka maeneo hayo yafutwe, lakini wewe agiza tu. Haifiki euro 10. Iagize kwenye tovuti ya serikali yao, maana kuna matapeli wanaoiuza mara tano ya bei. Utahitaji nakala ya kadi ya gari, kwa hiyo waombe uliokodi kwao sasa hivi. Stika inakuja kwa posta, nayo posta haina haraka.

Stika za "angles morts" zile za ubavuni, za kuonya waendesha baiskeli, ni za magari ya zaidi ya tani 3.5. Wewe hazikuhusu. Ila ukizidisha mzigo utakuwa umevunja sheria, kwa sababu uzito mwisho wa gari lako unaishia hapo hapo 3.5. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100. Watu watano, baiskeli, mchele wa mama. Nenda mizani kabla hujaondoka.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko yote. Magharibi ya Paris, A86 ina handaki linaitwa Duplex, kati ya Rueil-Malmaison na Vélizy. Limejengwa ghorofa mbili kwa ajili ya magari madogo tu, mwisho mita 2. Ramani ya simu haijui kwamba umepanda nyumba. Inaona njia fupi tu, inakuambia kata kulia. Ukienda Maisons-Laffitte kutokea kusini, au Versailles kutokea kaskazini, unaweza kuingizwa humo. Kabla hujawasha gari, weka kwenye ramani kimo cha gari lako, na kama programu yako haina sehemu hiyo, tafuta yenye nayo.

Kwenye vibanda vya tozo pia kimo kinahesabiwa. Chini ya mita 3 unalipa daraja la 2. Kuanzia mita 3 unasukumwa daraja la 3, pamoja na malori. Hizo sentimita 10 za juu ya kitanda cha watoto zitakugharimu njia nzima.

Boda_wa_Zamani, Jumatatu saa 2 usiku

Hoteli ilikuwa na mlango mmoja tu na kitasa.

Kinyozi_Ilala, Jumanne saa 4 asubuhi

Mimi nina woga mmoja. Shemeji yangu aliibiwa kwenye eneo la mapumziko la barabara kuu, kaskazini mwa Paris. Walipuliziwa gesi ya usingizi ndani ya gari, wote wanne, wakiwa wamelala. Waliamka kichwa kizito, mlango wazi, simu na pasi hazipo. Muwe makini.

Nesi_wa_Zamu, Jumanne saa 7 mchana

Pole kwa shemeji, wizi ninauamini. Gesi siiamini, na niseme kwa nini: kazi yangu ni chumba cha upasuaji. Kumlaza mtu mmoja usingizi tunatumia mashine, barakoa na daktari asiyebanduka pembeni. Kulaza watu wanne kupitia tundu la hewa la gari, bila mmoja kutapika, kukohoa kwa harufu au kufa, mwizi huyo angeajiriwa na sisi kesho. Royal College of Anaesthetists ya Uingereza ilishatoa tamko kwamba jambo hilo haliwezekani. Kichwa kizito kinatokana na uchovu wa kilomita 800, madirisha yamefungwa, joto la Agosti. Wezi wanajua kwamba dereva aliyechoka halisikii hata lori.

Kinyozi_Ilala, Jumanne saa 7 mchana

Dada, lakini wote wanne hawakusikia?

Nesi_wa_Zamu, Jumanne saa 8 mchana

Watoto wangu wawili hawaamki hata kengele ya moto ikilia.

Dereva_wa_Masafa, Jumanne saa 3 usiku

Gesi iwepo isiwepo, jibu ni lile lile: maeneo ya mapumziko ya barabara kuu simama ukojoe, unywe kahawa, uondoke. Usiku toka kwenye barabara kuu, ingia kijiji cha kilomita tano pembeni. Kuna mtandao unaitwa Camping-Car Park, wana viwanja vyenye kizuizi na kadi, umeme na maji, Ufaransa nzima. Kuna France Passion, ulioanza 1993, ambamo wakulima na wenye mashamba ya mizabibu wanakupa nafasi ya kulala usiku mmoja bure, ukiwa na stika yao ya mwaka. Hawakulazimishi kununua, ila ukiondoka bila hata kopo la asali utajisikia vibaya mwenyewe. Na programu ya Park4Night inakuonyesha mahali pa kulala pamoja na maoni ya watu. Soma maoni ya mwezi huu. Mahali palipokuwa pazuri mwaka juzi leo pana kibao cha kukataza.

Na Bois de Boulogne, ukikosa nafasi kambini, usijidanganye ulale barabarani ndani ya msitu. Usiku ule msitu una biashara zake. Mama atauliza maswali.

Tulia_Kidogo, Jumanne saa 4 usiku

😂😂 Hapo kwenye maswali ya mama.

Mwana_Chumbageni, Jumatano saa 1 usiku

Nimeelewa wakuu. Bois de Boulogne siku zangu zimejaa. Nimeweka nafasi Maisons-Laffitte, usiku tatu. Kuhusu magoti, ndani ya jiji tufanyeje? Nasikia metro ni ngazi tupu.

Bahari_ya_Kivu, Jumatano saa 2 usiku

Ni ngazi kabisa. Metro ya zamani haina asansere. Ligne 14 peke yake iko na asansere kila pahali. RER A iko nazo, lakini siku moja inatembea, siku moja imekufa. Tumia bisi. Bisi zote za muji zinainama chini, na mama ataona muji kwa dirisha. Chini ya udongo ataona nini?

Mwana_Chumbageni, wiki saba baadaye, Jumamosi saa 3 usiku

Wakuu, tumerudi salama. Niliahidi mrejesho.

Mizani ilinitoa jasho: kilo 3,540 na bado mama hajapanda. Tukashusha baiskeli zote, tukamwaga maji tukabakiza robo tangi, mke wangu akatoa sufuria kubwa ya pilau kwa machozi. Usiku wa kwanza tulilala Stellplatz ya Aachen, yaani eneo la kupaki magari nyumba. Siku ya pili tukapita Liège, Mons, tukaingia A1. Pale kwenye tozo mashine ilinisoma daraja la 3 kama alivyosema Dereva. Nililipa.

Ramani ya simu ilinipigia kelele nijiunge na A86 mara mbili. Mara ya pili mama akasema, "Huyo dada anasisitiza, mbona humsikilizi?" Nikamwambia huyo dada hajui tuko wangapi.

Kambini Maisons-Laffitte tulifika saa 11 jioni. Nafasi yetu ilikuwa chini ya miti, hatua chache kutoka mtoni. Mashua za mizigo zinapita pale kama malori, ndefu, zimebeba kokoto, na nyumba ya nahodha iko nyuma, mapazia na maua dirishani, gari dogo limepakiwa juu yake. Mama alikaa nje kwenye kiti (tulikuwa kambini, Dereva, turubai nilitoa kihalali) akazihesabu mpaka giza. Akasema hao ndio wenye akili, wamebeba nyumba na kazi pamoja.

Kutembea hadi stesheni kulimchukua dakika ishirini na tano, wengine ni kumi na mbili. Siku ya pili nilimtangulizia kiti cha kukunja, tunasimama katikati ya njia anapumzika. Watu wa kule wakawa wanamsalimia "bonjour madame", naye anajibu "salama". Kufika Étoile, asansere moja ilikuwa imekufa, kama alivyosema kaka wa Kivu. Kuanzia hapo tukawa watu wa basi.

Mnara tuliuona kutoka ng'ambo ya mto, Trocadéro. Mama aliutazama kidogo, akauliza unatumika kwa kazi gani. Nikakumbuka, nikamwambia umebeba antena za redio na televisheni. Hapo ndipo akaomba apigwe picha.

Bahari ya Kivu, Château Rouge tulifika. Tulinunua muhogo, ndizi na nazi. Kilo tatu na nusu za mzigo, nikaogopa mizani tena.

Kosa langu moja: gesi ya kupikia iliisha siku ya mwisho, na mitungi ya Kijerumani huko haibadilishwi, kila nchi ina yake. Nilikodi gari nikadhani mtungi umejaa, sikuuliza. Muhogo ukapikwa kwenye jiko la umeme la jirani yetu, mzee wa Kiholanzi, ambaye naye alitaka sahani yake.

Dereva_wa_Masafa, Jumamosi saa 4 usiku

Mkuu, mtungi unapimwa kwa kuunyanyua. Nilisahau kukuambia hilo.

Boda_wa_Zamani, Jumamosi saa 4 usiku

Sawa. Bei ya jumla ilikuja ngapi?

Mwana_Chumbageni, Jumamosi saa 4 usiku

Boda, mke wangu yumo humu. Njoo faragha.